Kifuniko Kilicholala Jikoni

Mlio wenyewe haukuwa mkubwa. Ulikuwa mkwaruzo mzito wa chini kwa chini, kama wa mtu anayesaga punje ngumu kwa magego huku midomo ameifumba. Ilikuwa asubuhi, nami nilikuwa nikipanda kilima cha chuo kuelekea maktaba, faili la utafiti wangu kifuani. Lori la matofali lilikuwa limeegeshwa kwenye mteremko, pua ikitazama bondeni, na utingo alikuwa ameweka jiwe mbele ya gurudumu la nyuma. Dereva alipopanda, lori lilisogea kiasi cha upana wa kidole. Jiwe likalia.

Watu walipita na shughuli zao. Mimi niliketi chini, pale pale ukingoni mwa barabara, na kurasa za sura ya tatu zikatawanyika majanini. Mpita njia mmoja alizikusanya akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu kuwa ni jua. Halikuwa jua. Mlio ule nilikuwa nimeusikia mara moja tu maishani, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, mikono yangu ikiwa juu ya jiwe lenyewe, na tangu siku hiyo najua maana yake kuliko ninavyojua jambo lolote nililosomea. Maana yake ni kwamba mguu wa dereva uko juu ya breki, na breki hazipo.

Nitakueleza tangu mwanzo, rafiki yangu. Ni mazoea yangu kueleza tangu mwanzo. Tena katikati ya habari hii kuna mahali ambapo, nikianzia hapo, utanihurumia kuliko ninavyostahili.

Kwetu ni Nyakasimbi, Karagwe. Nyumba yetu ilikaa ubavuni mwa kilima, imezungukwa na kibanja: migomba juu, mibuni chini ya migomba, maharage chini ya mibuni, na unyevu chini ya vyote. Asubuhi ukungu ulitanda kiasi kwamba kutoka mlango wa jikoni hukuweza kuiona nyumba kubwa. Ulisikia tu mtu akikohoa upande ule ukajua yupo. Ndani mlinukia majani mabichi tuliyotandika sakafuni kila Jumamosi. Jikoni mlinukia moshi na kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa ikiwa bado na maganda yake, ikaanikwa, ikawekwa kwenye kikapu kidogo cha mgeni. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo mno kumkumbuka. Aliyenilea ni bibi, mama mzazi wa baba, na jiko lilikuwa milki yake. Hata baba aliingia humo kwa kubisha hodi.

Baba alikuwa mfanyabiashara aliyehamia na mama yake kutoka Muleba. Alivaa shati lililopigwa pasi hata siku ya kupakia magunia, na Jumapili alisoma somo la kwanza kanisani kwa sauti iliyowafanya watu waache kukohoa. Miaka michache baada ya vita, wakati madukani hamkuwa na kitu na kipande cha sabuni kilikatwa kwa uzi kigawanywe kwa nyumba mbili, yeye alirudi kutoka safarini na pikapu. Rangi yake ilikuwa buluu iliyochujuka, na ilikuwa imekwisha kuzeeka mikononi mwa wengine. Lakini kilima kizima hakikuwa na gari lingine. Ilibeba kahawa, ilibeba maharusi, ilibeba wajawazito na majeneza. Ilipopita, wazee waliokuwa wakinywa rubisi barazani waliinua vibuyu vyao kumsalimu baba, na mimi niliyekaa katikati yake na mlango niliamini kwamba wananisalimu mimi pia.

Kisha ikaanza kukataa kuwaka. Kwa usahihi zaidi: ilikataa asubuhi. Wanaume wanane walitoka kwenye vibanja vyao wakaisukuma, wakicheka, nao ndio walioipa jina la Bibi Harusi, kwa sababu haikuondoka nyumbani mpaka ishikwe huku na huku.

"Mzee, leo bibi harusi ameridhia?" waliuliza.

"Bado analia kwa mama yake," akajibu mwingine kutoka nyuma ya bodi, na baba, aliyekuwa kwenye usukani, hakucheka.

Ndipo akaitwa fundi. Wazazi wake walivuka kutoka Rwanda yeye akiwa mtoto wa mgongoni, wakakaa upande wa Kituntu wakilima mashamba ya watu. Yeye alijifunza injini kwenye karakana ya misheni. Alikuwa mwembamba, mpole, na Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, kila neno likiwekwa mahali pake kama spana inayorudishwa kwenye mfuko. Kwa bibi alisema lugha ya kwao Muleba, tena vizuri, na bibi alimpenda kwa hilo.

Siku ya kwanza hakugusa chochote. Aliizunguka pikapu mikono ikiwa nyuma, akauliza inakataa saa ngapi na inakubali saa ngapi. Baba alisema kwa haraka kwamba labda ni betri. Fundi akamwambia, kwa adabu, kwamba kwenye injini neno labda halina kazi. Akaniomba mimi, niliyekuwa nimesimama karibu, niwashe taa za mbele na kumweleza kama ni kali au zimefifia. Zilikuwa kali. "Basi betri tuiache," akasema, na kweli hakuitaja tena. Akachomoa waya mnene unaotoka kwenye koili, akausogeza karibu na chuma, akamwomba baba azungushe ufunguo. Cheche ya buluu ikaruka, ikapiga kelele kama kijiti kikavu. Koili nayo akaiacha. Akafungua plagi moja, akailaza juu ya injini, akasema tutazame tena. Plagi ilikaa kimya. Moto ulikuwa ukitoka kwenye koili na haufiki kwenye plagi; kwa hiyo ulikuwa ukipotea njiani, na njiani palikuwa na kitu kimoja tu, distribyuta, kile kikombe kinachougawa moto kwa plagi zote nne. Alikifungua kifuniko chake cheusi, akakigeuza kwenye mwanga, akaniita nione. Ndani yake mlikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ukungu uliingia humo usiku, na asubuhi moto ulipita kwenye unyevu badala ya kupita kwenye waya. Mchana, kibanja kikikauka, ufa nao ulikauka, na Bibi Harusi akawaka kama hakuna lililotokea.

Nimesoma miaka mingi tangu hapo. Nimefundishwa na watu wenye vyeo virefu namna ya kutenga sababu moja na nyingine, ya kuondoa kile ambacho sicho ili kibaki kile ambacho ndicho. Hakuna aliyenifundisha jambo hilo vizuri kuliko mtu yule, kwa plagi moja na taa mbili. Ninapoandika sura zangu naandika kwa mikono yake. Ukweli huo zamani ulinipa furaha. Siku hizi hunifanya niweke kalamu chini.

Kifuniko kipya hakikupatikana Bukoba, wala Mwanza. Hivyo fundi akatunga utaratibu ambao sijausikia mahali pengine popote. Kila jioni kifuniko kilichomolewa, kikafungwa kwenye kitambaa, nami nikakipeleka jikoni. Bibi alikiweka kwenye kichanja juu ya mafiga, kati ya ungo wa kahawa na mbegu zake za maharage, na huko kililala kwenye joto. Alfajiri fundi alikuja kukifuata. Alibisha hodi, akaketi kwenye kigoda, bibi akamsogezea kikapu cha kahawa, akachukua punje mbili, hakuzidisha mbili kamwe, akazitafuna huku akikigeuza kifuniko kwenye viganja kuhakikisha kimekauka. Bibi alimtania kwamba nyumba nzima ina watoto wawili, mmoja wa kike na mmoja wa plastiki, na huyo wa plastiki ndiye asiyemsumbua.

Nilipewa kazi ya kuzijua waya. Fundi alisema zikirudishwa vibaya injini itapiga chafya na isiwake. Mpangilio ni moja, tatu, nne, mbili. Niliuimba nikichuma kahawa, nikauimba nikiteka maji, nikauimba shuleni mpaka mwalimu akanichapa akidhani sijui kuhesabu.

Na nilipewa kazi ya jiwe. Breki ya mkono ilikuwa imekufa zamani, waya wake umekatika, na gari lisiloaminika kuwaka ni lazima liegeshwe mteremkoni ili likikataa lishuke na kushtuliwa kwa gia. Yaani ugonjwa wa kwanza ulitulazimisha kuliegesha mahali ambapo ugonjwa wa pili ungetuua. Hilo nimelitambua nikiwa mtu mzima. Wakati ule nililitambua jiwe tu: jiwe la kijivu, la ukubwa wa kichwa cha mbuzi, lililokaa mbele ya gurudumu la mbele upande wa kushoto. Baba alipanda, akakanyaga breki, uzito ukaondoka juu ya jiwe, nikalivuta kwa mikono miwili bila taabu, nikaruka pembeni. Pikapu ikashuka kwenye kijia chetu, ikanguruma katikati ya mteremko, na pale chini, mbele kidogo ya mikeka ya bibi ya kuanikia kahawa, ikakata kulia na kuingia barabarani. Kila asubuhi. Kwa miezi mingi nilikuwa na fahari ya mtu mwenye cheo.

Wakati kahawa ilipoanza kuiva kwa wingi fundi aligundua kwamba mafuta ya breki yanavuja kwenye gurudumu la nyuma. Alilifungua, akatuonyesha vimpira vidogo vya ndani vilivyochoka. Jumanne alfajiri, kabla ya kuondoka, alimwambia baba kwamba anakwenda Bukoba kutafuta vimpira na chupa ya mafuta, kwamba yaliyobaki kwenye kikopo cha breki hayatoshi kulisimamisha gari likishika mwendo, na kwamba lisitoke mpaka arudi. Kisha akaongeza jambo ambalo nililisikia vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeshika kifuniko:

"Mzee, usije ukajazia mafuta mengine. Mpira wa breki ukila mafuta yasiyo yake unavimba."

Jumatano kahawa ilikuwa imejaa stoo, na wanaume barazani walimwuliza baba kama Bibi Harusi yuko fungate. Jioni baba alibisha hodi jikoni. Bibi alikuwa kwenye kibanja akikata majani ya kutandika. Baba alichukua chupa ya mafuta ya kula kwenye kona, chupa ambayo bibi aliipima kwa kijiko, maana mafuta wakati ule yalikuwa adimu kama dawa. Nilimfuata na taa. Alifungua boneti, akafungua kikopo cha breki, akamimina mpaka kikajaa. Akakanyaga pedali mara kadhaa, ikawa ngumu, akatabasamu. "Mafuta ni mafuta," akaniambia. Alikuwa na furaha, na mimi nikafurahi kwa sababu alikuwa na furaha. Naomba uliandike hilo mahali fulani akilini mwako: nilijua, na nilifurahi.

Alhamisi na Ijumaa pikapu ilikwenda Kituntu na kurudi. Ilikuwa nzito, kana kwamba mtu ameishika kwa nyuma, na magurudumu yalipopata moto yalitoa harufu ya kukaanga. Watoto waliikimbilia wakiuliza maandazi yako wapi. Hata baba alicheka siku hizo.

Jumamosi alfajiri ukungu ulikuwa mzito, ukaanza kuinuka magunia yalipokwisha kupakiwa. Baba alikuwa na haraka. Alikichukua kifuniko mwenyewe kichanjani bibi akiwa amekwisha kushuka kwenye mikeka yake, akakifunga kwenye gari kabla sijafika, na kikakaa kwenye ukungu muda wote wa kupakia, ufa ukalowa tena. Alipanda. Akasema, "Toa."

Niliinama, na jiwe likalia.

Halikuwahi kulia kabla ya siku hiyo. Nililivuta, halikutoka, lilikuwa limebanwa na uzito wote wa gari na magunia. Nilielewa. Sitaki mtu aniambie kwamba mtoto wa miaka kumi na mmoja haelewi. Nilikuwa nimefundishwa na fundi yule kwamba kila kitu kina sababu, na sababu ya jiwe kubanwa ilikuwa moja tu. Niliinua uso nikamtazama baba kupitia kioo. Akasema tena, "Toa, tunachelewa." Nilichukua mpini wa jembe, nikaligonga jiwe mara tatu, likachomoka.

Pikapu ilishuka kimya. Injini haikushika, kwa sababu kifuniko kilikuwa kimelowa. Breki hazikushika, kwa sababu vimpira vilikuwa vimevimba kama maharage yaliyolowekwa, vikapasuka. Hitilafu mbili ambazo fundi alikuwa amezitenga kwa uangalifu miezi yote ile zilikutana kwenye mteremko wa hatua sitini. Mahali pa kukata kulia, gari halikukata. Lilipita juu ya mikeka, na bibi alikuwa ameinama akigeuza kahawa, mgongo wake kwetu. Alikuwa mzito wa masikio.

Hakufa. Nyonga yake ilivunjika. Wanaume wale wale wanane waliosukuma walimbeba kwenye machela ya miti na blanketi mpaka walipopata gari la kumpeleka hospitali, na njia nzima, nilielezwa, aliuliza kama kahawa imeokotwa.

Jioni ile fundi alirudi kutoka Bukoba. Mkononi alikuwa na chupa ya mafuta ya breki, imefungwa kwenye gazeti.

Kesho yake, baada ya misa, balozi wa nyumba kumi alikutanisha watu uani kwetu. Alikuwa mzee mwenye haki, nasema hivyo bila kejeli. Alitaka kujua tu nini kimetokea. Baba alisema breki zilikuwa zimeshughulikiwa na fundi wiki hiyo hiyo, jambo ambalo lilikuwa kweli. Fundi aliomba ruhusa, akafungua boneti, akachovya kidole kwenye kikopo cha breki, akakinusa, kisha akakigusisha ulimini. Uso wake ulibadilika.

"Haya yametoka jikoni," akasema.

Balozi akauliza ni nani, zaidi ya watu wa nyumba hii, anayeingia jikoni mwa bibi. Kila mtu alijua ni fundi. Mtu mmoja nyuma akanong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba watu wa kuja ndivyo walivyo, na wengine wakatikisa vichwa. Baba yangu naye alikuwa wa kuja. Tofauti ni kwamba yeye alikuja na shati lililopigwa pasi. Baba hakusema uongo hata mmoja siku ile. Hilo nimelichunguza mara nyingi, neno kwa neno. Alisema tu kwamba kila alfajiri binti yake huwa jikoni, aulizwe yeye. Na mkono wake ukatua begani kwangu, mwepesi, kama wa mtu anayepumzika.

Balozi akaniuliza kama nilimwona aliyechukua chupa.

Nilikuwa na majibu mawili. Moja lingewaambia watu wote kwamba mwana amemvunja mama yake kwa mkono wake mwenyewe. Nilimtazama baba, nikaona midomo yake imekauka, na sikuwahi kuiona midomo ya baba imekauka.

"Nilimwona fundi," nikasema. "Jumanne. Kabla hajaondoka."

Fundi aligeuka akanitazama. Hakukasirika. Alikuwa na macho yale yale aliyotumia kukitazama kifuniko kwenye mwanga.

"Mwanangu," akasema, "uliniona?"

"Nilikuona."

Alifuta kidole chake kwenye suruali. Mtu akauliza kwa nini basi alikimbilia Bukoba kununua mafuta halisi kama si kwa kujua alichofanya, na hapo chupa aliyoisafiria siku tano ikawa ushahidi dhidi yake. Aliiacha juu ya benchi, akachukua mfuko wake wa spana, akamwinamia balozi kwa heshima, akatoka kupitia mibuni. Wiki hiyo alihama na familia yake, wakaelekea upande wa Kyerwa.

Bibi alirudi baada ya miezi, anatembea kwa fimbo, hawezi tena kuchuchumaa mbele ya mafiga. Siku ya kwanza alikaa kwenye kiti jikoni, akaangaza kila kona.

"Chupa yangu ilikuwa imejaa Jumatano mchana," akaniambia.

Hakurudia. Lakini kikapu cha kahawa ya wageni alikigeuza kifudifudi juu ya kichanja, na kwa miaka yote iliyobaki ya uhai wake hakumsogezea baba punje hata moja. Baba aliona. Hakuuliza sababu. Mwaka uliofuata alichaguliwa mwenyekiti wa ushirika.

Nilisoma, rafiki yangu. Nilisoma kama mtu anayekimbizwa, nikafika hapa. Mwaka huu chuoni nimepewa chumba kimoja na binti wa Kyerwa, mcheshi sana, na usiku mmoja alinichekesha kwa habari za watu wa kwao. Akasema wana fundi mmoja mzee anayeitwa Maandazi. Nikauliza kwa nini. Akasema zamani, huko alikotoka, alijaza mafuta ya kukaangia kwenye breki za gari la mtu akamvunja bibi kizee nyonga. Tangu hapo hakuna aliyempelekea gari, anatengeneza baiskeli tu, na watoto wakipita humwuliza kama yameiva. Mwenzangu alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akaacha, kwa sababu mimi nilikuwa nimeugeukia ukuta.

Nilimwandikia fundi barua. Kurasa tisa, nilieleza kila kitu kwa mpangilio, na sababu zangu nikaziorodhesha kama nilivyozoea. Jibu lilikuja baada ya wiki sita, kwa mwandiko wake mwenyewe, kila herufi imesimama mahali pake. Alinisalimu. Alinipa pole ya bibi. Halafu aliandika: "Hayo uliyoniandikia mimi nayajua, mwanangu, nilikuwepo. Waambie wasiojua."

Barua ile ilikaa kwenye droo yangu miezi mitatu. Nilijiambia kwamba kwanza nimalize sura ya tatu. Nilijiambia kwamba balozi labda amekwisha kusahau, kwamba baba labda hatastahimili. Neno labda, mimi, mwanafunzi wa yule mtu.

Ya wakati ule hayapo. Bibi yuko chini ya migomba yake. Jiko lenye kichanja lilibomolewa, limejengwa la matofali, na sakafuni hakuna majani. Mikeka ya kahawa imekwisha. Bibi Harusi amebaki bodi lenye kutu nyuma ya choo, kuku wanatagia kwenye kiti changu. Kifuniko sijui kilikwenda wapi. Nilikitafuta likizo iliyopita, nikiinua kila bati. Kilichobaki kizima, hakijachakaa hata kidogo, ni sentensi yangu ya maneno mawili, na anayeibeba ni mtu mwingine.

Baada ya lori lile la matofali sikwenda tena maktaba. Nilingoja Jumapili, nikaenda posta kubwa ambako vyumba vya simu hufunguliwa siku zote, nikaomba niunganishwe na duka la baba. Yeye sasa ana duka barabarani, na simu pekee ya njia nzima ile. Laini ni dhaifu, kwa hiyo ana mazoea ya kupiga kelele na kurudia kila anachoambiwa, ili kuhakikisha amesikia. Na wazee wanaotoka misani hukaa kwenye benchi lake na kupata habari zote za dunia kwa njia hiyo. Nilikuwa naijua saa yao.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba! Ni binti yangu wa chuo kikuu!" akawatangazia.

Niliuliza kama balozi yupo. Akasema yupo, ananisalimu, macho yamepungua nguvu lakini yupo. Nikasema nina maneno machache, na naomba balozi ayasikie.

"Ana maneno, anataka balozi ayasikie!"

"Siku ile bibi alipoumia," nikasema, "mimi sikumwona fundi."

"Anasema siku ile bibi alipoumia..." akaanza baba, na sauti ikakatika.

Nilisikia pumzi yake. Nyuma yake nilisikia mizani ya sukari ikigongana, na mtu akiuliza binti anasema nini. Nilirudia polepole, kila neno mahali pake: sikumwona fundi, niliyemwona ni wewe, mimi ndiye niliyekushikia taa.

"Simu imekatika," baba akawaambia.

"Haijakatika, Baba. Nakusikia. Mpe balozi simu."

Hakuiweka chini. Kisha, kwa mbali, benchi likakwaruza sakafu, na fimbo ya mzee ikaanza kugonga saruji, ikija polepole upande wa simu. Niliihesabu ilivyokaribia. Halafu mkono mwingine ukaipokea. Pumzi nyingine, nzito, ya mtu aliyezeeka.

"Shikamoo, balozi," nikasema.